Kamba ya Mizigo na Mkanda wa Abiria

(Mazungumzo ya redio ya asubuhi, yamechapishwa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia. Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8)

Nasema na ninyi mlioko nyumbani mkingoja chai ichemke, na ninyi mlioko safarini, ambao redio ya dereva imewaletea sauti yangu bila kuwauliza kama mnaitaka. Leo nitasema zaidi na ninyi wa safarini.

Somo letu limo katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, aya ya 8. Wengi wetu huupita mlango huu upesi, maana umejaa mambo madogomadogo: ng'ombe wa jirani aliyepotea, punda aliyeanguka njiani na mzigo wake, kiota cha ndege na makinda. Katikati ya mambo hayo Musa anawaambia watu kwamba mtu akijenga nyumba mpya, na ajenge pia ukuta mfupi kuzunguka dari yake, asije mtu akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo.

Hapana budi tukumbuke jinsi nyumba za nchi ile zilivyokuwa. Paa lake halikuwa la mabati yaliyoinama kama yetu ya Embu na Meru, yanayomwaga mvua ya Aprili. Lilikuwa tambarare, na watu walipanda huko kama sisi tunavyotoka uani. Rahabu alitandaza kitani chake darini. Petro alipanda darini kuomba, akiwa kule Yafa. Watu walilala huko wakati wa joto, watoto wakacheza. Basi mahali panapotumiwa na watu kila siku, tena pa juu, pana hatari, hata kama hakuna mtu mbaya aliyekusudia neno baya.

Tazameni jambo moja katika sheria hiyo. Haikungoja mtu wa kwanza aanguke. Inasema juu ya nyumba mpya, ambayo udongo wake haujakauka, ambayo bado hakuna aliyelia ndani yake. Wala haikumwambia mwenye nyumba aombe ili wageni wake wasianguke. Kuomba alikuwa anaomba. Aliambiwa ajenge ukuta.

Sasa twendeni pamoja hadi steji. Chagueni yoyote: Maua, Meru mjini, Nkubu, Chuka, Runyenjes au Embu. Gari la abiria linapakiwa. Juu ya keria yupo kijana, na chini yake mwingine anampandishia mikungu ya ndizi, gunia la njugumawe, kreti za mayai, godoro la mwanafunzi, na labda kuku katika kikapu. Mtazameni kijana huyo anavyofanya kazi. Anaizungusha kamba mara mbili, anaweka goti lake juu ya mzigo, anavuta kwa meno na mikono, anafunga fundo, kisha anautikisa mzigo wote aone kama unacheza. Ukicheza anafungua na kuanza tena. Hakuna anayemwambia kwamba hana imani. Mwenye ndizi mwenyewe amesimama chini akipiga kelele, "Kaza hapo nyuma! Zile zitadondoka pale kwenye kona!" Anaijua barabara yetu. Anajua kwamba toka Embu hadi Meru gari hushuka na kupanda, hushuka na kupanda, kwa kila mto unaotoka mlima Kenya: Thuci, Nithi, Mutonga, Thingithu, na vijito vingi katikati ambavyo mgeni hata hajui majina yake.

Kamba ikiisha kukazwa, huyo mwenye ndizi anaingia garini, anaketi, na mkanda wa usalama ulio kando ya kiti chake anausukuma nyuma ili usimsumbue mgongoni.

Ndugu zangu, ndizi zimefungwa na mwenye ndizi hakufungwa.

Nimeiona hali hiyo mara nyingi, nami nadhani haitokani na ukaidi. Watu wetu ni waangalifu. Mama wa kwetu hawezi kwenda hata kisimani bila kumfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, akainama, akajaribu fundo kwa kidole. Tatizo ni kwamba tunaona kwa macho yetu jinsi ndizi inavyoweza kuanguka, lakini hatuoni jinsi sisi tunavyoweza kuanguka. Tumeketi. Aliyeketi anajihisi yuko nyumbani. Gari lina paa, lina kiti chenye kitambaa, lina muziki. Nani anaanguka akiwa ameketi?

Kijana mmoja katika Agano Jipya alianguka akiwa ameketi. Mnamkumbuka Eutiko, katika Matendo ya Mitume mlango wa 20. Paulo alikuwa Troa, akahubiri hadi usiku wa manane (sisi wahubiri hatupendi kuikumbusha kwa sauti kubwa sehemu hiyo), na kijana huyo aliyekuwa ameketi dirishani akalemewa na usingizi, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Wakamwokota amekufa, naye Mungu kwa rehema zake akamrudishia uhai kwa mkono wa Paulo.

Ghorofa ya tatu ni kama mita 10 hivi kutoka chini. Na hapa nitawaomba mnisikilize vizuri, maana ni hesabu ambayo mtoto wa sekondari anaweza kuwafanyia. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafla, mtu ambaye hakujifunga hukipiga kioo au kiti kilicho mbele yake kwa nguvu ile ile ambayo angeipiga nayo ardhi kama angeanguka kutoka mita 10. Huyo ni Eutiko. Na gari likienda kilomita 80 kwa saa, ambazo ndizo mwisho wa mwendo uliowekwa na sheria kwa magari ya abiria, basi kuanguka kwake ni kwa mita 25, kama kutoka ghorofa ya nane, au kutoka kilele cha mti mrefu wa mgrevilea pale kando ya shamba la kahawa. Wala hatusemi juu ya magari yanayobeba miraa kutoka Igembe kwenda Nairobi, ambayo kila mmoja wetu amewahi kuyapisha njia. Hayo sina hesabu zake za mti, maana hatuna miti mirefu kiasi hicho.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu gari likienda, kila kilichomo ndani kinakwenda nalo kwa mwendo ule ule: dereva, mtoto, chupa ya soda, Biblia iliyowekwa mbele ya kioo. Gari likizuiwa, ni gari lililozuiwa. Wewe hukuzuiwa bado. Unaendelea mbele vile vile mpaka ukutane na chuma. Mkanda ndio unaokuambia wewe pia, "Simama," tena unakuambia kwa upole, ukigawanya nguvu ile juu ya mifupa iliyo imara, yaani mfupa wa bega, kifua, na mifupa ya nyonga.

Mkanda huo wa kupita begani na kiunoni ulitengenezwa na mhandisi wa Sweden, Nils Bohlin, mwaka wa 1959, alipokuwa akifanya kazi na kampuni ya magari ya Volvo. Kabla ya hapo alikuwa akitengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege zilizopata ajali, basi alijua sana mwili wa binadamu unaweza kuvumilia nini. Mikanda mingi ya zamani ilipita tumboni tu, nayo iliweza kuumiza matumbo. Yeye aliuweka mkanda mmoja upite mahali pawili, ufungwe kwa mkono mmoja, na mtoto au mzee aweze kuufunga. Kisha kampuni ile ikawaachia watengenezaji wengine wote wautumie bila malipo. Jambo hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Kitu kilichookoa watu wengi sana duniani kilitolewa bure, na sisi wa kanisani tunaelewa maana ya kutolewa bure, lakini hata cha bure mtu hana budi kunyoosha mkono akipokee. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kwa walioketi mbele, mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa karibu nusu.

Hapa Kenya wengi wenu mnakumbuka ulivyotufikia. Oktoba 2003, Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, alitangaza kanuni mpya za magari ya abiria, na tarehe 1 Februari 2004 zikaanza kutumika. Kila gari liwe na kidhibiti mwendo. Kila kiti kiwe na mkanda. Zile Nissan zilizobeba abiria 18 zibebe 14. Magari mengi hayakuwa tayari, na siku zile watu walitembea kwa miguu kwenda kazini. Kulikuwa na manung'uniko mengi, lakini pia kulikuwa na amani fulani ndani ya matatu ambayo hatukuwa tumeizoea: kila mtu kwenye kiti chake, hakuna anayening'inia mlangoni, hakuna mgongo wa mtu usoni pako.

Muda ukapita. Kamba ya sheria ikalegea. Novemba 2018 serikali ikazikaza tena kanuni zile zile. Kisha zikalegea tena. Na katika kulegea na kukazwa huku sisi abiria tukajifunza tabia moja, ambayo ndiyo iliyonifanya nichague somo hili. Gari likikaribia kizuizi cha polisi, utingo hugeuka nyuma na kusema, "Wazazi, fungeni mikanda, polisi wako mbele." Ndipo unasikia kla, kla, kla, gari zima. Wazee wa kanisa, akina mama wa ushirika, walimu, wote tunajifunga. Askari anachungulia, anapunga mkono. Hatujafika mita mia mbili, kla, kla, kla, mikanda imefunguliwa.

Niambieni, yule askari angeumia kwa namna gani kama msingejifunga? Yeye amesimama kando ya barabara. Kanuni za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 500 kwa asiyejifunga, na hizo ndizo tulizokuwa tunaziokoa. Mtume Paulo, katika waraka kwa Waefeso mlango wa 6, aliwaonya watumwa wasiwe watu wa kutii wanapotazamwa tu. Mimi nilidhani zamani kwamba maneno hayo yanahusu kazi ya shambani na ofisini. Lakini sijaona mahali yanapotimia waziwazi kama katika matatu iliyo karibu na kizuizi.

Basi tuzisikilize sababu ambazo watu hutoa, maana nyingine si za upuuzi.

Wa kwanza husema, "Mkanda ni mchafu, utaharibu nguo yangu." Ni kweli. Mingine ni michafu hata huwezi kujua rangi yake ya kwanza. Mingine imekatwa, mingine kifungo chake hakishiki, mingine imeingizwa chini ya kiti isionekane. Hapo nasema lawama si ya abiria. Rudini kwa Musa: ile sheria ya ukuta wa dari hakupewa mgeni, alipewa mwenye nyumba. Damu itakuwa juu ya nyumba yako, wewe uliyeijenga. Na katika makanisa yetu wamo wenye magari. Wanaketi viti vya mbele, wanatoa harambee vizuri, na Mungu awabariki. Ndugu yangu mwenye gari, mkanda uoshwe kwa sabuni na maji ya kawaida jioni moja kwa wiki, kifungo kibovu kibadilishwe. Gharama yake hailingani na ile ya spika ulizozitia chini ya viti.

Wa pili husema, "Gari likishika moto au likiangukia mtoni, nitanaswa ndani." Hofu hii naiheshimu, hasa kwetu sisi wenye madaraja mengi. Lakini ajali za moto na za maji ni chache sana kuliko zile za kugongana na kupinduka. Na hata katika hizo, ni nani atakayetoka upesi: aliyepigwa kichwa kwenye chuma akazimia, au aliyezuiliwa kitini mwake akiwa na akili zake, akabonyeza kifungo? Katika gari linalopinduka, jambo baya kuliko yote ni kutupwa nje, maana anayetupwa nje mara nyingi gari lile lile humlalia.

Wa tatu husema neno zito zaidi, nalo nimelisikia vinywani mwa waumini wazuri. "Siku yangu ikifika, mkanda hautanizuia. Na isipofika, sihitaji mkanda." Mwenye ndizi hasemi hivyo juu ya ndizi zake. Hasemi kwamba siku ya ndizi ikifika kamba haitazuia. Shetani alimweka Bwana Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini, maana malaika watamdaka, tena akamtolea andiko. Bwana hakukana kwamba malaika wapo. Alikataa kumjaribu Baba yake. Mtu anayeketi mbele ya kioo bila mkanda, gari likishuka kwenda Nithi, huku juu ya kioo hicho kumeandikwa jina la Bwana kwa rangi nzuri, na ajiulize ni sauti gani anayoifuata.

Nimetaja Nithi, nami siwezi kupita hapo upesi. Jumapili jioni, tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru likielekea Mombasa liliruka ukingo wa barabara pale penye daraja la Nithi, likatumbukia bondeni. Watu zaidi ya 30 walikufa. Haikuwa mara ya kwanza kwa mahali pale kulia. Wako wanaonisikiliza sasa ambao jina la daraja hilo likitajwa huinuka na kuizima redio, nami nawaomba radhi, msizime bado. Sisemi kwamba mkanda ungewaokoa wote wale. Basi likianguka kutoka pale juu, yapo mambo mengi kabla ya mkanda: breki, mwendo, mteremko wenyewe na kona yake, na jinsi barabara ilivyochorwa. Mkanda si hirizi. Tena katika nchi yetu, ambamo kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 watu zaidi ya 4,000 waliuawa barabarani, wengi wa hao walikuwa wakienda kwa miguu au juu ya pikipiki, na hao mkanda hauwahusu.

Lakini katika mazishi mengi niliyoyasimamia ya watu waliokufa katika ajali ndogo, gari lililogonga ukingo tu, gari lililopinduka mara moja katika shamba la chai, nimemsikia msemaji mmoja baada ya mwingine akisimama na kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Neno hilo ni la faraja na silipingi. Kazi ya Mungu haina makosa kweli. Ila yatupasa tuwe waangalifu tusije tukamwandikia Mungu kazi ambayo si yake. Ukuta wa dari usipojengwa, mtoto akaanguka, Torati haisemi kwamba ni siku yake ilifika. Inasema damu iko juu ya nyumba. Namfariji mfiwa kwa moyo wangu wote, naye hana hatia. Lakini sisi tuliobaki hai na kurudi nyumbani kwa gari lile lile la kukodi kutoka mazishini, watu wawili wawili kwa kiti, hatuna ruhusa ya kujificha nyuma ya faraja yake.

Niseme basi juu ya magari yetu ya kukodi. Kwaya inakwenda mkutano wa wilaya. Vijana wanakwenda kambi. Kamati inakaa, inatafuta basi. Maswali ni mawili: shilingi ngapi, na linabeba wangapi. Tena swali la pili lina maana ya kwamba linaweza kubeba wangapi zaidi ya walioandikwa ubavuni. Sijasikia katika kamati mtu akiuliza, "Lina mikanda? Inafunga?" Ningependa swali hilo liandikwe katika kumbukumbu za kamati, na katibu aende kituoni kulitazama gari kabla ya kulipa arabuni. Kama mikanda haipo, litafutwe jingine, hata kama kwaya itachelewa kufika na wimbo wake ukawekwa mwisho. Mzazi anapomruhusu binti yake wa miaka 14 kwenda na kanisa, hamruhusu kwa sababu anamwamini mwenye basi. Anatuamini sisi.

Na jambo hili si la mtu mmoja mmoja, kama wengine wanavyodhani wanaposema, "Niache, uhai ni wangu." Mwaka 2002 wataalamu wa Japani waliochunguza ajali nyingi sana walitangaza kwamba walioketi mbele na kujifunga mikanda, hatari yao ya kufa iliongezeka karibu mara tano pale ambapo walioketi nyuma yao hawakujifunga. Yaani yule wa nyuma alirushwa, akawaangukia kama gunia. Baba wa kilo 80, umekaa nyuma ya mkeo katika gari lenu wenyewe, mwanao ndiye anayeendesha. Wao wamejifunga. Wewe umesema wa nyuma hana haja.

Na mtoto je? Niliwahi kusafiri toka Embu kwenda Chuka jirani na mama kijana aliyempakata mtoto wake wa mwaka mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunga vizuri, nami nikamsifu moyoni. Lakini mkanda aliupitisha juu ya mtoto, wote wawili ndani yake. Nikamwambia, "Mama, samahani, mtoe mtoto ndani ya mkanda." Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa amtupe mwanawe. Nikamweleza kwamba gari likisimama ghafla, mwili wake yeye mama ndio utakaombana mtoto juu ya mkanda. Akaniuliza, "Sasa nimfanyeje, Mchungaji? Nikimshika kwa mikono si inatosha?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake si zuri. Mikono haitoshi. Mtoto wa kilo 10, gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, huvuta mikono ya mama yake kwa uzito kama wa magunia mawili ya mahindi. Hakuna mama, hata awe na upendo namna gani, anayeweza kuyazuia. Mwenye gari lake na amtafutie mtoto kiti chake maalumu kinachofungwa kiti cha nyuma. Katika matatu viti hivyo havipo, na huo ndio ukweli wetu wa leo. Basi nilimwambia lile lililowezekana: asiketi mbele karibu na dereva, akae nyuma ya kiti kingine, ajifunge yeye peke yake, na mtoto abaki nje ya mkanda, amshike akimwelekeza kifuani kwake. Mtoto akikua na kuweza kuketi mwenyewe, amlipie kiti chake, amfunge kiunoni chini, wala si watoto wawili katika mkanda mmoja. Najua nauli ya kiti cha pili ni nzito kwa wengi. Nauli hiyo ingekuwa sadaka nzuri kwa shangazi au mjomba aliyekuja kumsindikiza steji, mahali pa kumnunulia mtoto soda na biskuti.

Na ninyi akina mama wajawazito mnaofikiri kwamba mkanda utamwumiza aliyemo tumboni: ujifunge. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya mapaja, si juu ya tumbo lenyewe. Ya juu ipite katikati ya matiti, kando ya tumbo. Wazee wenzangu, mkanda upite begani, si shingoni, wala msiupitishe chini ya kwapa kwa sababu ya koti. Usiwe umejisokota. Uvute kidogo baada ya kuufunga, mwone kama unacheza, kama kijana yule wa keria anavyoutikisa mzigo wake.

Saa yangu inakwisha, na walio safarini wanakaribia kona zao. Tuombe.

Ee Bwana, uliyemhurumia Eutiko kule Troa, tunawaleta mbele yako madereva walioondoka Maua na Laare usiku huu uliopita, ambao macho yao sasa ni mazito. Uwaguse wasimame walale kidogo. Tunawaleta wauguzi na madaktari wa Maua, Meru, Chogoria, Chuka na Embu, wanaopokea walioumia kabla hata majina yao hayajajulikana. Wakumbuke waliofiwa pale Nithi, wanaopita juu ya daraja lile kwa sababu hakuna njia nyingine ya kwenda nyumbani. Umkumbuke mama yule na mtoto wake, popote walipo asubuhi hii. Na hawa walio ndani ya gari sasa, Bwana, ambao mkono wao umeanza kutafuta mkanda kando ya kiti, uwape waupate, na kifungo chake kiwe kizima. Kwa jina la Yesu. Amina.